Simu ya Zamani kwenye Laini ya Dijitali: Nani Anailisha?

Umeme ukikatika Chake Chake, Pemba, simu ya mezani ya zamani haina habari. Inua mkonga, mlio wa laini uko palepale. Simu hiyo haitegemei soketi ya ukutani. Inalishwa na betri za mtambo wa simu, volti 48 zinazosafiri kwenye waya zilezile mbili za shaba zinazobeba sauti. Fundi anayetaka kuihamishia kwenye ISDN, yaani laini ya simu ya dijitali, aanze kufikiri hapo, kabla hajagusa bisibisi.

TTCL, kampuni ya simu ya Tanzania iliyorithi huduma za simu za Shirika la Posta na Simu mwaka 1994, iliwahi kuuza laini za ISDN sambamba na zile za kawaida. Kazi ya kuhamisha simu inafanana na tuliyoiona kwenye televisheni, analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012: watu hawakutupa televisheni zao, walinunua king'amuzi. Simu nayo ina king'amuzi chake, yaani adapta, ila hiki hutafsiri kwenda na kurudi.

Waya mbili kutoka mtamboni huingia kwenye kisanduku kinachoitwa NT1. Upande wa pili hutoka waya nne, na juu yake unaweza kuunganisha vyombo hadi vinane. Ndani mna chaneli mbili za biti 64,000 kwa sekunde kila moja, na ya tatu ya biti 16,000 kwa ajili ya maelekezo: nani anapiga, nani anapigiwa, nani amekata. Hizo 64,000 zina hesabu yake. Sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti nane.

Simu ya ISDN, au kompyuta yenye kadi yake, huchomekwa moja kwa moja. Simu ya analojia na faksi hupita kwenye adapta, ambayo inapaswa kujifanya mtambo mzima: iipe simu volti, itambue mkonga umeinuliwa, itoe mlio wa laini, igeuze sauti kuwa biti na biti kuwa sauti, kisha ilize kengele kwa mkondo geu. Adapta dhaifu hushindwa kuliza kengele tatu kwa pamoja. Simu ya kuzungusha kwa kidole nayo huleta taabu, kwa kuwa hutuma namba kwa kukatakata laini mara kumi kwa sekunde, na adapta nyingi zinaelewa milio ya vitufe tu.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako faksi ilitoa nusu ukurasa kisha ikakata. Watu walishailaumu mashine. Nilifungua soketi ya mwisho wa waya nikakuta shaba imeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, na rezista mbili za om 100, moja kwa kila jozi, hazikuwekwa. Pasipo rezista hizo, mawimbi yakifika mwisho wa waya hurudi nyuma na kugongana na yanayokuja, kama maji yanayopiga ukuta wa gati. Nilisafisha, nikafunga rezista, nikazima umeme na kupima. Kila jozi ilisoma om 50, kama inavyotakiwa pale ncha zote mbili zinapokuwa na rezista. Faksi ikapita.

Lakini volti za mtambo zilikuwa zimekwenda wapi? Viwango vya ISDN vililiona jambo hili. Umeme wa nyumbani ukikatika, NT1 inaweza kugeuza chanya na hasi kwenye waya, na simu moja ya dijitali iliyoteuliwa ikaendelea kwa nguvu ndogo itokayo mtamboni. Simu ya analojia iliyo nyuma ya adapta haimo katika mpango huo. Adapta ikizimika, nayo inanyamaza.

Pemba hatuwezi kulipuuza hilo. Hadi Juni 2010, ulipozinduliwa waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga, kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Wenzetu wa Unguja walikaa gizani takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009.

Kwa hiyo ufungaji ulio sahihi ulikuwa huu: NT1 na adapta viwe kwenye betri ya akiba, na laini moja ya analojia ibaki imeunganishwa moja kwa moja na mtambo kwa ajili ya dharura.

ISDN sasa inaondoka. Uingereza imepanga kuizima Januari 2027. Adapta za leo huunganisha simu ya zamani na intaneti, na vinavyohitaji umeme ndani ya nyumba vimeongezeka. Kwa hiyo, fundi ukimaliza kazi hospitalini, bandarini au kituo cha polisi, usikusanye vifaa kwanza. Zima swichi kuu, inua mkonga, sikiliza. Kama kuna ukimya, kazi bado.