Kufuma na kufumua

Barazani kwa shangazi yangu, Mikindani, neno linalosikika kuliko yote ni "fumua". Halisemwi kwa ukali. Binti wa jirani humpa kipande chake cha kroshia, shangazi akapitisha kidole ukingoni taratibu, kidole kikasimama mahali. "Hapa umeruka shimo. Fumua mpaka hapa, mwanangu." Binti huvuta uzi, na kazi ya asubuhi nzima ikarudi kuwa uzi mtupu, umejikunjakunja mapajani mwake. Hakuna anayenuna. Binti hushika sindano akaanza tena.

Mara ya kwanza kuliona hilo niliumia kwa niaba yake. Sasa naona ndipo uzuri wa kroshia ulipo. Shuka ufukweni utawakuta wavuvi wakishona jarife: kila jicho la wavu limefungwa kwa fundo lake, likichanika moja, la jirani halina habari. Mkeka nao husukwa kwa miyaa mingi, ukili unaongezwa mwaa kila mmoja unapokwisha. Kroshia ni uzi mmoja na kitanzi kimoja kilicho wazi. Kitambaa chote, hata kiwe cha kufunika meza ya watu kumi, kimening'inia kwenye kile kitanzi kimoja kilichobaki kwenye sindano. Chomoa sindano, vuta, na kila kitu kinarudi mwanzo bila hasara ila ya muda. Lugha yetu ililijua hilo zamani: funga na fungua, fuma na fumua. Hata neno "mfumo" tulilitoa humo humo.

Kwa anayeanza, shangazi hampi kitambaa kizima afume. Humpa kitambaa cha jikoni kilichokwisha kufumwa kiwandani, akazungushie pindo. Yeye anapenda marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa ambayo jina lake limebaki tangu karne ya 19, meli za Marekani zilipoileta pwani hii kwa marobota. Kitambaa hukatwa sentimita 45 kwa 65, lakini si kabla ya kuloweka na kufua. Marekani mpya ina dondo, na dondo likitoka kitambaa hurudi. Ukifuma kwanza ukafua baadaye, kitambaa kitasinyaa na pindo litabaki refu, limejaa makunyanzi. Nimeona pindo zuri likiharibika hivyo, na ubora wa mkono haukusaidia kitu.

Uzi nao uwe wa pamba. Ule wa rangi kali unaong'aa kwenye duka la sokoni mara nyingi ni wa sintetiki. Haunywi maji, na ukigusa sufuria iliyotoka motoni unayeyuka. Kitambaa cha jikoni kisichoweza kushika sufuria wala kufunika chapati za moto ni pambo la ukutani tu. Wapo wanaoviweka kabatini kwa ajili ya wageni. Shangazi hufunikia wali kila siku, na mimi niko upande wake.

Kwanza kingo hupigwa mshono wa sindano ya kawaida wenye vingazi vidogo, kila kingazi nusu sentimita. Kisha sindano ya kroshia inaingia kingazi kwa kingazi, mshono mfupi mmoja kila kimoja, na mitatu kwenye kila pembe. Pembe ikinyimwa hiyo mitatu hujikunja kama jani la muhogo lililokauka. Ukimaliza mzunguko, unahesabu. Hapa ndipo shangazi huondoa tabasamu usoni. Pambo lake, analoliita kombe kwa kufanana na kombe za ufukweni, linakula mishono sita: unaruka miwili, unachomeka mirefu mitano kwenye shimo moja ikatawanyika kama kipepeo cha ukindu, unaruka tena miwili, unafunga kwa mmoja mfupi. Kwa hiyo jumla lazima igawanyike kwa sita. Ukipata 448, unaongeza miwili katikati ya upande mrefu, ambako jicho halifiki, upate 450. Hizo ni kombe 75. Usipohesabu, utazunguka kitambaa kizima na kugundua kombe ya mwisho haina pa kukaa.

Mkono wa kushoto ndio unaonishangaza zaidi. Watu hutazama sindano, lakini uzi unatawaliwa na kidole kidogo cha kushoto, umezungushwa pale mara moja, unapita chini ya viwili na kutokea juu ya shahada. Kidole kikibana, mishono inakaza na sindano haipiti. Kikilegea, kombe zinalala. Mshono mrefu una hatua zake: piga uzi, chomeka, vuta, sasa vitanzi ni vitatu, piga uzi, pitisha viwili, piga uzi, pitisha viwili vilivyobaki. Shangazi hufanya hayo huku akiuliza habari za Mtwara mjini, na kombe yake ya kwanza na ya sabini na tano huwezi kuzitofautisha.

Msimu wa korosho ukifika, uzi mweupe huwekwa kando. Mafuta ya ganda la korosho huchoma ngozi na kuacha weusi vidoleni usiotoka kwa sabuni, na mwanamke aliyeshinda akibangua hagusi kroshia mpaka mikono ipone. Ndiyo maana vitambaa vyeupe vingi vya nyumba ile vimefumwa wakati wa kusi. Cha kufunikia mtungi kimeshonewa shanga kwenye kila kombe, ziwe uzito, upepo usikipeperushe.

Sanaa hii ina ndugu mbali. Ireland, baada ya viazi kuoza katika miaka ya 1840 na njaa kuua watu kwa mamia ya maelfu, wanawake walifuma lesi za kroshia wakaziuza wapate chakula. Jina lenyewe ni la Kifaransa, maana yake ndoano ndogo. Na katika mambo yote ya nguo ambayo viwanda vimeyachukua, kusokota, kufuma mtande, kusuka fulana, kroshia haijachukulika. Mashine huiga sura yake, lakini kila kroshia halisi unayoiona duniani imepita kwenye vidole vya mtu.

Kwa hiyo ukikutana na mama amepanga vitambaa vyake barazani, Mikindani au popote, kabla hujamwomba apunguze bei, shika pindo uhesabu kombe za upande mmoja tu. Kisha mpe anachotaja.