Nguvu za Farasi, Upana wa Fyekeo na Bolti ya Kukata

Tumeletewa mwongozo wa kurasa 4 wa fyekeo la trekta, uliotafsiriwa kwa Kiswahili, pamoja na swali. Aliyeuleta ni mkulima wa Nakwa, mjini Babati, ambaye baada ya mavuno hutumia mashine hiyo kukatakata mabua ya mahindi na mashina ya mbaazi. Swali lake lilikuwa fupi: aliyevunja giaboksi yangu ni fundi, au ni ninyi watu wa lugha? Tulilichukua kuwa ni mzaha. Tulipomaliza kuusoma mwongozo hatukucheka tena.

Hatumtaji mfasiri, wala aliyemtuma. Tena haki yake tumpe: Kiswahili chake ni chepesi, upatanisho wa sarufi hauna dosari, na sentensi zake ni fupi kama inavyopasa katika maandishi ya kumwelekeza mtu kazi. Kasoro zimo katika istilahi 3 tu. Bahati mbaya ni kwamba hizo 3 ndizo zilizobeba mwongozo mzima.

Istilahi ya kwanza ni "nguvu za farasi". Mwongozo unasema kwamba kila futi moja ya upana wa fyekeo huhitaji nguvu za farasi 5. Kanuni hiyo ni sahihi kwa kazi ya kawaida, na watu wa mashine huitumia kila siku. Lakini nguvu inayokusudiwa ni ile inayofika kwenye shafti ya nyuma ya trekta, ambayo ndiyo inayozungusha visu, wala si ile iliyoandikwa ubavuni mwa injini. Mfasiri ametumia "nguvu za farasi" kwa zote mbili, kana kwamba ni kitu kimoja.

Na tuone tofauti hiyo ina uzito gani. Mkulima wetu ana trekta kuukuu ya nguvu za farasi 45, isiyo na tabochaji. Akigawanya 45 kwa 5, kama mwongozo unavyomruhusu, anapata fyekeo la futi 9. Sasa Babati iko zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, na injini ya namna hiyo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila meta 300 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Zile 45 zimekwisha kuwa 39 kabla trekta haijatoka bandani. Gia nazo hula sehemu yao, tuseme asilimia 15. Basi inayofika kwenye shafti ni kama 33. Gawanya kwa 5: futi 6 na ushei. Hayo ni kwa majani. Shina la mbaazi lililokauka ni mti, na mwenye kulikata hana budi kubakiza akiba. Kati ya futi 9 za mwongozo na futi 6 za kweli kuna fedha za mtu.

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba dawa ni kumfukuza farasi katika lugha. Hoja yao ni kwamba huko Babati mnyama wa kukokota plau ni maksai, na farasi hajulikani. Sisi hatuoni hivyo. James Watt alimtumia farasi katika karne ya 18 ili wanunuzi wa injini za mvuke wapate cha kulinganisha, na kipimo kimebaki hata pale ambapo farasi mwenyewe ametoweka. Kwa hesabu ya leo ni wati 746. Hakuna mkulima tuliyekutana naye anayetafuta farasi ndani ya boneti. Neno linalotatiza ni "nguvu", ambalo katika mazungumzo hubeba kani, nishati, uwezo na hata ubabe, na ambalo mfasiri hana haki ya kuliacha peke yake. Iandikwe "nguvu ya injini" mahali pake na "nguvu ya shafti" mahali pake, farasi wakifuata kama kipimo, na yaliyo mengi yatanyooka.

Shafti yenyewe nayo haina jina lililokubaliwa. Mwongozo unaiita "mhimili wa uondoaji nguvu", tamko ambalo lingemfanya mtu aogope kuwasha trekta. Madereva tuliozungumza nao Nakwa wanasema "pitio". Asili yake ni herufi 3 za Kiingereza zilizotamkwa haraka, lakini sikio la Mswahili limeisikia "pita", na maana imekubali: ni mahali ambapo nguvu hupitia kwenda kwenye zana. Si mara nyingi bahati hutuletea istilahi iliyo tayari, fupi, na yenye wingi wake. Tunapendekeza ikubaliwe.

Istilahi ya pili ni "upana". Neno ni moja lakini vitu ni vitatu: upana wa mkato, yaani pale visu vinapofika, upana wa bodi ya mashine, ambao huzidi ule wa kwanza, na upana wa magurudumu ya trekta, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Kanuni ya nguvu inahusu ule wa mkato. Kupita getini kunahusu ule wa bodi. Wa tatu hautajwi kabisa katika tafsiri, ingawa ndio unaozuia mtu kukimbilia fyekeo dogo kupita kiasi: mkato ukiwa mwembamba kuliko magurudumu, matairi hulaza mabua ambayo visu havitayagusa. Trekta ya mkulima wetu ina meta 1.7 ukingo kwa ukingo. Fyekeo la futi 5, ambalo ni meta 1.5, lingemwachia mistari miwili ya mabua yaliyolala shamba zima. La futi 6 lingemfaa kwa nguvu na kwa upana pia. Yeye alinunua la futi 8, akijiona amekuwa mwangalifu.

Tunakuja kwenye bolti. Kati ya pitio na giaboksi ya fyekeo huwekwa bolti ya chuma laini, makusudi ili kisu kikigonga jiwe au kisiki, bolti ivunjike na giaboksi isalimike. Mfasiri ameiita "bolti ya kukata". Kauli moja ya kitenzi imegeuzwa na kazi ya chombo imegeuka nayo, kwa maana inayokata huhitaji ugumu, na inayokatika huhitaji udhaifu. Mkulima alipoona bolti zake zinavunjika kila siku chini ya mzigo uliozidi trekta, alifanya ambalo msomaji yeyote mwenye akili angelifanya: alinunua bolti ngumu kuliko zote dukani. Haikuvunjika tena. Katika wiki ya pili lilivunjika meno ya giaboksi.

Kwa hiyo jibu la swali lake ni kwamba fundi hana kosa. Walimu wa sarufi hulalamika kwamba wanafunzi huona kauli za vitenzi kuwa ni jambo la mtihani tu. Wawape habari hii ya "kata" na "katika".

Tumeiandikia kamati "bolti ya kukatika", na pembeni "bolti kinga" kwa wanaotaka tamko fupi. Wa kwanza hupendwa na mafundi kwa kuwa unaeleza, wa pili hupendwa na wachapaji kwa kuwa unaingia kwenye jedwali. Kuhusu "pitio" wajumbe bado wamegawanyika, kwa sababu "mapitio" yana maana nyingine katika ofisi zetu. Wasomaji walio katika vyuo vya kilimo na karakana, hasa za Hanang, Kiteto na Mbulu, watuandikie madereva wao wanaiitaje shafti hiyo, na bolti hiyo wanaiitaje inapovunjika.