Jinsi Mgeni Anavyokabidhiwa Benchi la Maabara

Mteknolojia wa maabara aliyezoea hospitali za Dar es Salaam au Nairobi, ambako mtu hukaa kituo kimoja miaka nenda rudi, hushangazwa na utaratibu mmoja wa Marekani. Mgeni hupokelewa Jumatatu bila kufahamiana na mtu yeyote, na haupiti muda mrefu kabla hajawa zamu ya usiku akiidhinisha damu ya majeruhi wa ajali. Mkataba wake kwa kawaida ni wa wiki 13. Ukiisha, anafungasha na kwenda jimbo jingine, ambako mashine ni nyingine, kompyuta ni nyingine na simu za wodini ni nyingine. Hawa ndio wateknolojia wasafiri, na Waafrika Mashariki wamo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali ni jinsi mwenyeji anavyopona kweli, maana mpango huu kwa kuutazama juujuu ni wa hatari.

Tuanze na sheria. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya maabara inayojulikana kwa kifupi kama CLIA, baada ya waandishi wa habari kufichua maabara zilizokuwa zikisoma slaidi za saratani ya mlango wa kizazi mbio mbio hadi wanawake wenye saratani wakaambiwa ni wazima. Chini ya CLIA, hakuna anayeruhusiwa kutoa majibu ya mgonjwa kabla hajafundishwa kipimo hicho, katika maabara hiyo, na uwezo wake ukathibitishwa kwa maandishi. Uzoefu wa miaka 20 kwingineko hauondoi hitaji hilo. Sheria inataka pia uwezo wa kila mfanyakazi upimwe angalau mara mbili katika mwaka wake wa kwanza: anatazamwa akifanya kipimo, anatazamwa akihudumia mashine, rekodi zake zinakaguliwa, anapewa sampuli ambazo majibu yake tayari yanajulikana, anaulizwa angefanya nini kukitokea tatizo.

Ufa uko hapo. Wiki 13 ni miezi mitatu, na tathmini ya kwanza mara nyingi huja mwezi wa sita. Msafiri huwa ameshaondoka. Kwa hiyo uzito wote unaangukia mafunzo ya siku chache za mwanzo na saini ya aliyemfundisha, ambaye mara nyingi ni mfanyakazi aliyechoka, kwa kuwa uhaba wa watu ndio uliomleta mgeni.

Cheti cha taaluma kinasaidia, lakini kwa kiasi. Mtihani unaotambulika zaidi, wa chama cha patholojia cha Marekani kiitwacho ASCP, una maswali 100 kwa saa mbili na nusu, na kompyuta huongeza ugumu kadiri unavyopatia. Alama ya kufaulu ni 400 katika kipimo kinachoishia 999. Majimbo kama California, New York na Florida yanadai leseni zao juu ya hicho. Karatasi hizi zinathibitisha kuwa mtu anajua kwa nini potasiamu hupanda chembe za damu zikivunjikavunjika ndani ya chupa. Hazisemi kama anajua jokofu la plazima liko wapi.

Kazi ya msafiri mzuri, basi, ni kutenganisha mapema anachokuja nacho kichwani na anachopaswa kukikuta pale. Kwa aliyetoka kwetu, mtego wa kwanza ni vizio. Sukari ya 5.6 aliyoizoea inasomeka 100 huko, kwa sababu wanapima kwa miligramu kwa desilita. Kreatinini ya 88 inakuwa 1. Kukokotoa si tatizo, kompyuta inakokotoa. Tatizo ni jicho. Mteknolojia aliyekomaa hushtuka akiona namba mbaya kabla hajafikiri, na mshtuko huo umejengwa juu ya vizio vya nyumbani. Kreatinini ya 9 kwa vizio vyetu ungedhani mashine imekosea. Kwa vizio vyao ni figo zilizokwisha kazi. Jicho jipya halijengwi kwa siku tatu, kwa hiyo wenye busara hubandika jedwali la viwango mbele yao na kuliangalia hata wanapodhani hawalihitaji.

Halafu kuna chati za kontroli, yaani sampuli za kujaribia mashine kila siku. Kabla ya kugusa sampuli, msafiri anayejua kazi huomba chati za mwezi uliopita. Kanuni za kuzisoma zilitolewa mwaka 1981 na James Westgard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, na ni zilezile Mwanza au Montana: kontroli ikivuka mstari wa pili kutoka wastani upande uleule mara mbili mfululizo, simamisha, ikikaa upande mmoja wa wastani mara kumi, kuna kitu kimehama. Chati humweleza mgeni mambo ambayo mwenyeji hatamwambia. Humwonyesha mashine ipi inasumbua, kitendanishi kilibadilishwa lini, na kama watu wa hapo wana tabia ya kurudia kontroli mpaka ikubali. Mimi ningeamini chati hizo kuliko maelezo ya msimamizi yeyote.

Kwamba kubadilisha kitendanishi si jambo dogo, Philadelphia inafahamu. Mwaka 2001 maabara ya hospitali moja huko ilianza kutumia kitendanishi kipya cha kupima ugandaji wa damu bila kuingiza sawasawa namba ya usikivu wake, ile inayoitwa ISI, kwenye ukokotoaji. Majibu ya INR, yaani kipimo hicho cha ugandaji, yakawa yanatoka chini kuliko hali halisi kwa wiki kadhaa. Wagonjwa waliokuwa wakitumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakaongezewa dozi, na wapo waliofariki. Mashine ilikuwa nzima, na watu wake walikuwa wenyeji. Namba moja ya mahali hapo ndiyo iliyokosewa, na namba za namna hiyo ndizo mgeni asizoweza kubeba kutoka alikotoka.

Kwa upande mwingine, makosa ya sampuli yanafanana dunia nzima, na hapo mgeni anaweza kumzidi mwenyeji. Potasiamu ya 9 pamoja na kalsiamu iliyoporomoka kwa mgonjwa anayezungumza vizuri kitandani ni damu iliyomiminwa kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye chumvi ya EDTA ya potasiamu. Anayejua hilo halipeleki jibu wodini. Lakini afanyeje baadaye? Hospitali nyingine humruhusu mteknolojia afute kipimo na kuomba sampuli mpya. Nyingine hutaka muuguzi akubali kwanza. Orodha ya majibu ya kupigiwa simu papo hapo, wazo lililoenezwa na Dkt. George Lundberg wa Los Angeles mwaka 1972, nayo kila hospitali hujipangia mipaka yake.

Benki ya damu ndiyo inayotenganisha wasafiri na watalii. Kupanga kundi la damu ni kulekule: seli za mgonjwa kwa kitendanishi, seramu yake kwa seli zinazojulikana, na pande mbili zikubaliane. Seli nyekundu hukaa nyuzi 1 hadi 6, chembe sahani hukaa nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa mfululizo. Mgonjwa aliyeongezewa damu au aliyekuwa mjamzito ndani ya miezi mitatu iliyopita, sampuli yake haitumiki zaidi ya siku tatu. Hayo yanasafiri. Yasiyosafiri ni haya: je, hapa wanatumia mirija au kadi za jeli? Kuoanisha damu hufanywa kwa mkono au kompyuta inaruhusiwa kuidhinisha? Mgonjwa mgeni kwa hospitali anahitaji sampuli ya pili kuhakiki kundi? Majeruhi mwanaume asiyejulikana kundi, hapa anapewa O hasi, au O chanya ili O hasi ibaki kwa wanawake wanaoweza kuzaa? Daktari anasaini fomu ipi kuchukua damu isiyooanishwa? Saa nane usiku, idara ya dharura inapopiga simu, maswali haya hayana muda wa kutafutiwa majibu. Msafiri mwenye akili huyauliza siku ya kwanza, huyaandika kwenye daftari la mfukoni, kisha hufanya zoezi la kutoa uniti mbili za dharura mwanzo hadi mwisho kabla hajakubali kuachwa peke yake.

Mahali pagumu zaidi ni hospitali ndogo za vijijini. Tangu 1997 sheria ya Marekani ina kundi maalumu la hospitali zisizozidi vitanda 25, zilizo mbali na hospitali nyingine. Usiku, maabara yote inaweza kuwa mtu mmoja: kemia, hematolojia, mkojo, ugandaji, damu. Wakala wa ajira anapotangaza nafasi hizo huzungumzia posho ya nyumba. Habari ya nani anapokea simu msimamizi akiwa amelala haimo.

Hukumu yangu ni hii: mpango unafanya kazi pale ambapo maabara imeandika kazi zake. SOP, yaani mwongozo wa maandishi wa kazi, inayoeleza hatua kwa hatua, iliyopitiwa mwaka huu, yenye namba za simu zinazopatikana, inamfanya mgeni awe na faida ndani ya wiki. Pasipo hiyo, hospitali inalipa fedha nyingi kununua ubashiri. Maabara zetu zilizopanda nyota tangu mpango wa WHO wa kupanda ngazi kuelekea ithibati uzinduliwe Kigali mwaka 2009 zimeshazoea kuandika hivyo, na mteknolojia aliyelelewa humo anajua SOP nzuri akiiona.

Kwa hiyo, wewe unayefikiria mikataba hii, usikimbilie posho. Fanya kazi benki ya damu nyumbani au katika hospitali moja kubwa huko mpaka uimudu. Kwenye usaili uliza ni mashine zipi, mafunzo ni siku ngapi, nani yuko nami usiku wa kwanza, na SOP zilipitiwa lini. Wakisita kukujibu swali la mwisho, tafuta mkataba mwingine.