Chuma Husema kwa Mwenye Sikio

Pembezoni mwa Chake Chake, Pemba, chini ya mwembe, kuna Landrova ya turubai ambayo turubai lake lilikwisha zamani. Yamebaki matao ya chuma yaliyokuwa yakilibeba, na kuku wa jirani wameyafanya pa kulala. Ni ile ya taa mbili zilizobanana kwenye grili, kabla Waingereza hawajazihamishia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kijana aliyeirithi kwa baba yake alikwisha patana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu. Aliyemzuia ni shangazi yake. "Mwite fundi alitazame kwanza," alisema. "Akikwambia limekufa, uza, sina neno." Fundi akaitwa, mzee wa mvi tupu na mkoba wa turubai begani, nami nikajisogeza kumtazama, maana watu wa kazi yake wamekuwa adimu kuliko hizo Landrova zenyewe.

Wengi wetu tukioneshwa gari bovu tunakimbilia boneti. Yeye boneti hakuigusa. Alitandika kipande cha jamvi, akajilaza chali, akaingia chini na nyundo ndogo na bisibisi butu. Kijana akamuuliza, "Ami, injini itawaka?" Sauti ikatoka chini ya gari: "Injini ni mgeni, mwanangu. Huja, huondoka. Chesisi ndiye mwenye nyumba. Hebu tubishe hodi kwanza."

Akaanza kugonga. Alianzia mbele, penye vishikio vya springi, akaenda polepole kuelekea nyuma, kila shubiri pigo moja. Chuma kizima kililia kwa sauti nyembamba iliyochelewa kufa. Kilicholiwa kilitoa kishindo kifupi, kizito, kisicho na mwangwi. Mimi tofauti ile niliisikia pale tu ilipokuwa kubwa. Yeye alikuwa akiisikia mapema, akirudisha nyundo nyuma nusu shubiri, akigonga tena taratibu, akitafuta mpaka: uzima unakoma wapi, ubovu unaanza wapi. Akiupata, anachora mstari kwa chaki. Upande wa kushoto, karibu na tairi la nyuma, rangi nyeusi ilikuwa nzima kabisa, haina hata lengelenge, lakini nyundo ikasema vingine. Akaegemeza bisibisi, akalisukuma bila nguvu, likazama mpaka kwenye mpini. Magamba ya kutu yakammwagikia kifuani. Akayapangusa, akachora mstari wake, akaendelea.

Kutu ya gari hizi huanzia ndani. Chesisi ya Landrova ni sanduku refu la mabamba yaliyochomelewa pamoja. Tope jekundu la njia za mashambani huingia kwenye matundu, likakaa humo, na hewa ya chumvi ya kisiwa hailiachi likauke. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi kukagua, na ndiyo maana rangi mpya haijawahi kuwa ushahidi wa kitu.

Kisha akageukia bodi. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma Uingereza kilikuwa kingali cha mgao baada ya vita, na kiwanda cha Solihull kikaamua kutumia aluminiamu. Dhiki yao ikawa bahati yetu. Aluminiamu haishiki kutu, kwa hiyo huku visiwani utakuta bodi imesimama wima juu ya chesisi iliyokwisha. Lakini nayo ina adui wake. Fundi alifuata kila mahali aluminiamu ilipokutana na chuma, ribiti kwa ribiti, akakwangua kwa ukucha. Unga mweupe ukambakia kidoleni. "Hawa wawili wakipata unyevu wa chumvi hugombana," alisema, "na anayeumia ni huyu mweupe."

Mlango wa dereva aliufungua kidogo tu, akaushika kwa chini, akaunyanyua. Macho yake yalikuwa kwenye nguzo iliyobeba bawaba. Nguzo ikatikisika, unene wa ukucha hivi. Akainua mpira penye miguu ya dereva, majani ya chini yakaonekana. Hakusema neno. Alihama upande wa pili, akarudia yote yale tangu mwanzo, bila kuruka lolote.

Aliyekulia Pemba anajua kwa nini shangazi mtu alishikilia gari lile. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba karafuu za Zanzibar, na kuzitoa mashambani, juu ya vilima na ndani ya mabonde yetu, hakukuwa jambo jepesi. Yalikuwapo malori ya Bedford ya bodi za mbao zilizoundwa na maseremala wetu wenyewe, lakini penye utelezi wa tope jekundu palihitajika gari linaloshika kwa magurudumu yote manne. Msimu ukiingia, turubai lilikunjwa, magunia yakapangwa, na juu ya magunia tukapangwa sisi watoto.

Betri ilikuwa kitu cha bahati. Asubuhi gari liliwashwa kwa hendeli, na hapo ndipo tulipopata somo letu la kwanza la ufundi. Mjomba wangu hakumruhusu yeyote kuigusa hendeli mpaka amekagua mkono wake: kidole gumba kisiizunguke, kikae upande mmoja na vidole vinne, kwa sababu injini ikirudi kinyume hendeli humvunja mtu kidole au kifundo cha mkono. Avute kuelekea juu, asisukume kwenda chini. Asikilize kwanza mahali injini inapokuwa nzito, hapo ndipo pa kuvutia. Tulikuwa na umri wa kwenda chuo cha Kurani, miguu haifiki hata kwenye klachi, lakini sote tulijua kidole gumba kinakaa wapi. Gari lilikuwa la mtu mmoja, ila maarifa yake yalikuwa ya mtaa mzima.

Kisha safari, na upepo, na harufu. Ukipita Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo, mvuke wa mafuta ya karafuu ulikuwa unaingia garini bila hodi, kwa kuwa hakuna kioo cha kuuzuia. Turubai liliunywa. Hata katikati ya kiangazi, magunia yameshapelekwa kwenye shirika linalonunua karafuu na gari limebeba mihogo au wagonjwa, ukiegemeza uso kwenye turubai lile ulikuwa unavuta msimu uliopita. Wanaojua kushona turubai la namna ile, lenye mikanda na pete zake, sijui nikuelekeze wapi siku hizi ukawapate.

Nenda leo kwenye gereji zetu. Vijana ni wengi, wana bidii, na wana kimashine cha kuchomeka kwenye gari kikakutajia ugonjwa wa injini kabla hujamaliza kusalimia. Siwabezi. Magari waliyojifunzia, mitumba ya Japani ya bamba jembamba, hayakuundwa ili mtu amrithishe mwanawe. Lakini kimashine kile hakijui kugonga chesisi, na palipooza dawa imekuwa moja: puti. Hukandikwa nene, husuguliwa kwa msasa, hupigwa rangi, gari likang'aa Sikukuu ya Idi. Masika yakipita, malengelenge. Mwenye gari hulaumu rangi, hununua nyingine, na chini yake chuma kinaendelea kuliwa. Asiyekuwa na pesa ya puti humwita wa vyuma chakavu mwenye mizani. Vya kale ni dhahabu, twasema, huku tukiviuza kwa kilo.

Kati ya puti na mizani palikuwa na mtu wa tatu, na huyo ndiye tunayempoteza. Kazi yake ilikuwa kukwambia ukweli kabla hujatoa hata shilingi: hiki kina uhai, hiki hakina, hapa kata, hapa acha. Kwenye fukwe zetu alikuwapo pia. Fundi wa vyombo alikuwa akizunguka jahazi lililopandishwa pwani, akagonga ubao mmoja mmoja, akachomoa pamba ya kalafati mahali fulani akaitazama, kisha akaamuru ubao upi utolewe. Mashua za faiba zinapoingia, hakuna wa kumwita azunguke. Sikio lisilotumika haliachi mrithi.

Na hasara yake haiishii kwenye magari na mashua. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu ya mbele na mnara wake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Ukarabati ulikuwa ukiendelea. Nyufa za jumba hilo zilijulikana kwa miaka mingi. Kila aliyepita Forodhani, mbele yake, aliziona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hilo kila mtoto wa skuli analijua. Tunalolisahau ni kwamba kabla ya kuziba, lazima awepo anayejua ufa upi ni wa chokaa na upi umefika kwenye mfupa wa nyumba, na lazima asikilizwe mapema.

Mzee alipotoka chini ya Landrova aliomba maji, akanywa, akatoa hukumu. Boriti ya nyuma imekufa, msipoteze gesi kuichomelea viraka. Mkono wa kushoto unaobeba bodi umekufa. Reli mbili kuu zi hai kutoka mbele mpaka kupita giaboksi. Ukuta wa mbele ukatwe miguu, uungwe mingine. Mabamba ya aluminiamu ni mazima, ila yatenganishwe na chuma kwa mpira kila yanapokutana. Matao yasiuzwe, kwa kuwa hayapatikani. Rangi iwe jambo la mwisho kabisa. "Lina uhai," alisema. "Lakini si gari la kuendea harusi ya mwezi ujao." Kijana akataka bei ya jumla, asimpe. Alimwambia aanze na boriti, akimaliza amwite tena.

Akapewa nauli. Nauli tu, kwa sababu, kwa hesabu za waliokuwapo, hakufungua hata nati moja. Kazi iliyomchukua umri mzima kuijua ilihesabiwa kuwa ni kutazama, na kutazama, twadhani, kila mwenye macho anaweza. Ndivyo ufundi huu unavyokufa. Hakuna aliyeupiga marufuku wala mashine iliyoshindana nao. Sisi wenyewe tumekataa kuuita kazi. Kijana mwenye akili akimwona mzee anaondoka na nauli mfukoni, atakwenda kujifunza kupiga puti, na hatuna uso wa kumlaumu.

Basi wewe uliyeachiwa chombo na wazee wako, kiwe gari, mashua au nyumba, usikiuze kwa kilo wala usikipake rangi kabla hakijagongwa na mwenye sikio. Na huyo mwenye sikio mlipe ujira wa ukaguzi wake, hata kama jibu lake ni kwamba kimekufa.