Tani milioni 40 zilizochorongwa kwa kalamu

Ile hesabu ya tani milioni 20 hadi 40 za lithiamu katika kaldera ya McDermitt, mpakani mwa Nevada na Oregon, haikuwa na kazi katika makala ya Science Advances ya 2023. Haina kazi hata leo.

Vipimo vyenyewe sina ugomvi navyo. Thomas Benson na wenzake, walioandika makala hiyo, waliyapima madini ya mfinyanzi yaitwayo ilaiti katika eneo la Thacker Pass na kukuta lithiamu asilimia 1.3 hadi 2.4 ndani ya ilaiti yenyewe. Hongera.

Lakini hebu ifuateni hoja yao wenyewe. Volkano ililipuka miaka milioni 16.4 iliyopita, ziwa likatuama ndani ya kaldera, tope lake likawa smektaiti, mfinyanzi mwingine, yenye lithiamu ya wastani. Baadaye maji moto yenye lithiamu na florini yakapenya kutoka chini, yakaigeuza smektaiti kuwa ilaiti. Mwamba mzima wenye ilaiti hufikia karibu asilimia 1 ya lithiamu. Ule wa smektaiti haufiki hata nusu yake. Na ilaiti hiyo nono waliisoma wapi? Kusini, pale Thacker Pass. Basi mtu aliyetoka kuthibitisha kwamba neema ilishuka upande mmoja, anawezaje papo hapo kutaja jumla ya kaldera nzima, yenye urefu wa kilomita kama 40? Pengo tu kati ya makadirio ya chini na ya juu ni tani milioni 20! Hayo ni makisio ya kuuzia habari, na tusisahau kwamba makala ilipotoka Benson alikuwa mjiolojia wa Lithium Americas, kampuni iliyokuwa ikimiliki mradi wa uchimbaji wa Thacker Pass.

Upembuzi yakinifu wa mradi huo wa Novemba 2022 ulitaja takriban tani milioni 16 pale Thacker Pass, tena za kaboneti ya lithiamu. Gawa kwa 5.3: lithiamu yenyewe ni tani milioni 3. Wanaochanganya tani za kaboneti na za lithiamu nimewapigia kelele hadi sauti imekauka.

Kazi isiyotafuta kuuza habari ilikuwapo: Rytuba na Glanzman, miaka ya 1970, waliunganisha zebaki, urani na lithiamu ya McDermitt na mfumo wa kaldera za hapo, enzi ambayo betri za magari hazikuwa gumzo la mtu. Wale walikuwa wajiolojia. Na hata chanzo cha lithiamu hiyo bado kina mjadala: Castor na Henry walisema 2020 kwamba ilichujwa kutoka kioo cha volkano katika ziwa lisilo na njia ya kutokea maji, na hoja yao haijafungwa.

Ukitajiwa ile milioni 40 tena, uliza: ni ilaiti au smektaiti, na wamechoronga mashimo mangapi nje ya Thacker Pass?