Mshika Mbili

Wahenga walisema, "Mshika mbili moja humponyoka." Neno hili twalisikia mara nyingi hapa Nakapanya, katika wilaya ya Tunduru, na wazazi hulitumia hasa juu ya mtoto apendaye kuchora. Husema ya kuwa hesabu ni chakula na picha ni mchezo, basi mtoto na achague. Nasi waalimu huitikia, maana ndivyo tulivyofundishwa. Leo twataka kulipima neno hilo kwa kazi za watu wenye sifa, tuone kama ni kweli kwamba elimu ya uchumi na kazi ya picha haziwezi kukaa katika mtu mmoja.

Wapo watakaomtaja Wassily Kandinsky, Mrusi aliyesoma sheria na uchumi huko Moscow. Mwaka 1896, alipokuwa na miaka 30, aliitwa kufundisha katika chuo kikuu cha Dorpat. Akakataa, akaenda Munich kujifunza kuchora. Watasema, "Mwaona? Ilimpasa kuacha moja." Lakini uko mfano ulio karibu nasi zaidi, maana kazi yake ilifika hata nchi yetu.

Sebastião Salgado alizaliwa Brazili mwaka 1944. Alisoma uchumi São Paulo, akaendelea Paris, na mwaka 1971 akapata kazi London katika Shirika la Kimataifa la Kahawa. Kazi ile ilimleta Afrika mara kwa mara, kutazama mashamba na kuandika taarifa. Safarini alichukua kamera ya mkewe, Lélia, akaona ya kuwa picha zampendeza kuliko taarifa. Mwaka 1973 akaacha cheo kizuri na mshahara wake, akawa mpiga picha hata alipofariki mwezi wa Mei 2025.

Je, moja ilimponyoka? Sisi twasema sivyo. Aliacha kiti cha mtaalamu, lakini elimu hakuiacha. Kitazameni kitabu chake kikubwa juu ya wafanya kazi, kilichotoka mwaka 1993. Humo mna wakata miwa, na wachuma chai wa Rwanda, na wachimba dhahabu wa Serra Pelada kule Brazili, wamejitwika magunia ya udongo, wakipanda ngazi kwa maelfu kama siafu. Mtu mwingine angeuliza kwanza kama mahali pale pana uzuri. Yeye aliuliza kwanza: kitu hiki chatoka wapi? Ni mgongo wa nani uliokibeba? Hayo ni maswali ya uchumi, na picha zake zina nguvu kwa sababu aliyauliza kabla ya kuifungua kamera.

Lakini mwenye kuhakiki hasifu tu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya Rwanda, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku mbili hivi, wakaingia Ngara. Salgado alikuwako katika kambi ya Benako, akapiga picha ambazo mtu akiziona hazimtoki moyoni: moshi wa asubuhi, mahema, na watu hata upeo wa macho. Mwandishi wa Marekani, Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003, aliilaumu kazi ya Salgado juu ya watu waliohama makwao, kwa kuwa watu walio katika picha zile hawatajwi majina. Twaona lawama hii ni ya haki, nasi twaongeza neno letu. Kosa hili ni la hesabu hasa. Hesabu huona watu 200,000, lakini mama mmoja aliyepoteza sufuria yake njiani haimwoni. Basi Salgado alipotoka katika elimu ya uchumi alitoka na wema wake na ila yake pia.

Sasa turudi nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji hiki chetu, ambacho zamani kiliitwa Namochelia. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha Dar es Salaam, na mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora chui na ndege na tembo. Hakusoma katika chuo chochote cha uchumi, lakini alijua kuhesabu gharama: alitumia ubao wa dari na rangi ya baiskeli, vitu vya bei ndogo, akawauzia wageni wa Oyster Bay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mwizi, akafa. Jamaa na wanafunzi wake wakaunda ushirika wenye jina lake, na wengi wamepata riziki kwao.

Hata hivyo, tazameni madukani Dar es Salaam na Unguja. Chui yule yule amechorwa mara maelfu, kwa sababu mgeni humnunua. Mchoraji adhani anaongoza brashi, kumbe soko ndilo liongozalo. Laiti angejifunza jinsi soko linavyomwendesha, angejua pa kutii na pa kukataa. Kwa hiyo mchoraji naye aihitaji elimu ya uchumi, kama vile mtaalamu wa uchumi anavyohitaji jicho la mchoraji.

Nasi tuna kosa la kuungama. Mwaka mmoja tulimkemea kijana aliyechora katika daftari la hesabu, tukamwambia anaharibu karatasi. Jioni, tulipokuwa tukisahihisha, tukaitazama picha ile vizuri. Alikuwa amechora ghala la ushirika wakati wa korosho. Wakulima wamekaa chini, wadogo, na mizani imesimama katikati, kubwa kuliko watu wote. Tulinyamaza. Tulikuwa tumemfundisha kilo na shilingi, lakini jambo hili hatukumfundisha, naye alikuwa amelijua.

Kesho yake tulimpa karatasi safi, tukamwomba aichore tena, na chini aandike majina ya waliokaa na bei ya kilo. Majina aliyaandika yote. Bei aliiacha wazi, maana mnada ulikuwa haujafanyika.

Basi ndugu waalimu, methali ya kwanza msiitupe, bali wekeni karibu nayo nyingine: kidole kimoja hakivunji chawa. Mtoto mwenye hesabu na picha pamoja msimwambie achague upesi. Mfundisheni hesabu imwulize mchoraji bei, na picha imwulize mwenye hesabu jina la mtu.