Mizani ya Neno

Ujiji, jirani ya Bangwe, ndiko alikozaliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwandishi wa sheria za kutunga mashairi (1954). Katika kiwanja cha Arusha kilichopewa jina lake, Julai 2022, Haji Manara, msemaji wa Yanga, alijibizana ana kwa ana na Wallace Karia, rais wa Shirikisho la Mpira. Kamati ya Maadili ya Shirikisho ilimfungia miaka 2 na kumtoza shilingi milioni 20, kwa kosa la kumtisha na kumdhalilisha mkuu huyo. Hapana shaka, aingiaye mchezoni huzikubali kanuni zake. Lakini aliyeudhiwa alikuwa mkuu wa nyumba ile ile iliyohukumu. Shairi hupimwa kwa mizani isiyomjua mtunzi. Neno nalo lipimwe vivyo hivyo, ama sivyo adabu itageuka woga.